Usilete Samaki Bado

Butoyi, weka chini hilo beseni.
Warudishe hao kwa kijana aliyekuuzia,
pesa akae nayo, ni arabuni,
tutawafuata mwezi ujao.
Kwanza tujenge.

Kioo kakikata fundi wa madirisha hapa Mwanga,
mtu aliyezoea kuzuia mvua isiingie.
Hii ni nyumba ya kuzuia maji yasitoke,
ndiyo maana kona ile inalia.
Paka gundi tena. Ikauke siku nne,
kibanda kizima kinuke siki,
wateja wako wa kutuma pesa
wapige chafya katikati ya namba ya siri.

Meza nayo. Ndoo moja ni kilo ishirini,
na humu zinaingia tatu;
kile kigae ulichopachika chini ya mguu
kinatosha kubeba redio.

Mchanga nimeuchota Kibirizi. Uoshe.
Si kama mchele, mara tatu basi;
uoshe mpaka maji yatoke kama hayakupita popote,
kisha uoshe mara moja kwa ajili yangu.
Sabuni? Ukitia sabuni naondoka.

Jiwe hili ni la Kalalangabo,
huko huko lilikobaki sikio langu la kushoto
miaka ile nikizamia, nikikamata samaki wa mapambo
waliopanda ndege kwenda Ulaya.
Mimi ndege bado.

Maji ya bomba yana dawa.
Yalale ndooni usiku kucha, bila mfuniko,
dawa ijiondokee
kama mgeni aliyeona leo hakupikwi.

Sasa twanga dagaa wawili. Wawili tu.
Unga wao nyunyiza chembe kila jioni
ndani ya maji yasiyo na mtu.
Najua, watacheka.
Mama Ntirampeba wa mawese atauliza
tangu lini nyumba tupu ikapikiwa.
Usimjibu.
Kuna wapangaji wadogo kuliko jicho,
huitwa na uvundo,
hukaa mchangani, jiweni, kwenye sponji ya pampu,
kazi yao kula sumu atakayoitoa samaki.
Wasipotangulia hao,
samaki hufa ndani ya mkojo wake mwenyewe
nawe utasema umerogwa.

Mimi sikusubiri.
Kumi na mmoja niliwazika nyuma ya choo.
Wa kumi na mbili mke wangu alimkaanga, kwa hasira.

*

Wiki ya pili maji yakawa kama uji wa mgonjwa.
Ukanipigia usiku, unataka kumwaga yote.
Nikasema: funga kibanda, kalale.

Wiki ya tatu umeme ukakatika tangu adhuhuri.
Nilipita saa nne za usiku nikakukuta umechutama gizani
na kikombe cha bati,
unachota, unamimina kwa juu,
unachota, unamimina,
unawapa hewa wapangaji usiowaona.
Sikuingia.
Nilisimama nje na sikio langu moja
nikisikiliza yale maji yakianguka,
nikajua: huyu tayari ana samaki.

*

Leo wamekuja. Wawili, urefu wa kidole cha mtoto,
wa ile jamii inayolala ndani ya magamba ya konokono.
Tuliuacha mfuko uelee kwanza,
tukawaongezea maji yako kikombe kwa kikombe
mpaka wakasahau ni lini walihama.

Mteja alinyoosha shingo dirishani:
“Hawa wanaliwa lini?”
Katika mji wa migebuka, swali halali.
Wewe hukumsikia.
Ulikuwa umebandika paji la uso kwenye kioo
ukimtazama jike akijaza mchanga mdomoni,
akiutema kando, akirudi, akijaza tena,
akibomoa bustani uliyoipanga siku nzima,
akilizika lile gamba jeupe
ulilolipenda kuliko yote.

“Anaharibu,” ulisema.

Anahamia, Butoyi.